Biskuti Bila Ngano

Mama yangu ni mtu wa Serengeti, amezaliwa upande wa Mugumu, akaolewa ng'ambo ya Mto Mara, huku Tarime. Mimi huniita Tata, maana nilipewa jina la baba yake. Nikiwa mtoto, kitu kilichonijulisha kwamba nyumbani kuna mgeni wa maana kilikuwa ni karatasi ya biskuti kuchanika. Mama anatoka na sinia, chupa ya chai katikati, biskuti zimepangwa duara kwenye sahani ya udongo, ile isiyotumika siku za kawaida. Yeye mwenyewe huchukua ya kwanza, aume, halafu ndipo aseme, "Karibuni." Kwetu ndivyo ilivyo. Mwenye nyumba hutangulia kuonja ili mgeni ale kwa amani.

Basi ndugu msomaji, mwaka 2019 nilikwenda likizo Tarime nikakuta utaratibu umebadilika. Wageni wamekuja, sinia limetoka, lakini Mama amekaa mikono mapajani. Haonji. Wageni wanatazamana. Shangazi mmoja akachukua biskuti, akaigeuza geuza, akairudisha sahanini. Mama akacheka kicheko cha aibu, akasema, "Kuleni jamani, mimi wamenikataza." Walipoondoka aliniambia, "Tata, sasa wananiona mchawi ndani ya nyumba yangu."

Alikuwa ameambiwa ana kisukari. Siku alipopimwa mara ya kwanza ilisoma 17. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze wanga na aache sukari. Maneno hayo ni rahisi ukiwa nyuma ya meza. Ukienda nayo jikoni Tarime unakuta ugali wa muhogo, ugali wa mahindi, ndizi, viazi, uji, chapati. Ukiuondoa wanga umeondoa chakula.

Hapo nikajitia ujuzi. Mtoto wa mjini, nimesoma kidogo, nina simu. Niliporudi Dar es Salaam nikampigia: Mama, kuanzia kesho usiguse ugali kabisa, kula mboga na yai tu. Akatii, maana mama zetu wakishakusomesha wanakuamini kuliko unavyostahili. Siku ya nne akaanguka uani akitoka jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Jirani yetu mwenye genge alikoroga maji ya sukari akamnywesha kidogokidogo, akazinduka. Kumbe kimojawapo cha vidonge vyake ni cha aina inayolisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumboni hamna kitu. Mimi nilikuwa nimeondoa chakula na kuacha vidonge vilevile. Sukari ambayo nilimfundisha kuiogopa ndiyo iliyomwokoa. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na ndilo lililonipeleka kusoma. Nilitaka kujua mambo mawili: sisi watu wa Mara tulikuwa tunakula nini kabla ya biskuti, na je, hakuna mtu aliyewahi kukaa akafikiria biskuti ya mtu kama Mama?

Nianze na la kwanza. Mitaani siku hizi utaambiwa: rudi kwenye chakula cha babu, kula ulezi, kisukari kitakimbia. Ulezi, au wimbi kama wengi wanavyouita kwetu, kweli ni wa babu. Ni nafaka iliyofugwa hapahapa kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda, maelfu ya miaka iliyopita, ikasafiri hadi India. Mahindi na muhogo ni wageni waliotoka Marekani ya Kusini na ya Kati, wakaletwa Afrika na vyombo vya Wareno. Kwa hiyo mzee anayesema mahindi si chakula cha asili hakosei.

Lakini kuna jambo ambalo hatulisemi. Ulezi nao ni wanga. Katika gramu 100 za ulezi mna wanga wa gramu 70 na ushei. Mahindi ni hivyohivyo, unga wa ngano hivyohivyo, muhogo mkavu unazidi kidogo. Ulezi una nyuzinyuzi nyingi na chokaa nyingi kuliko sembe, hilo ni jema, lakini mgonjwa akikata tonge kubwa la wimbi, sukari yake itapanda tu. Kama babu hakuumwa kisukari, sababu si wimbi peke yake.

Sababu nyingine nilizipata kwa mama mdogo kule Mugumu. Aliniambia zamani tonge lilikuwa la kusukumia tu, chakula chenyewe kilikuwa maziwa mgando, mlenda, dagaa, na nyama siku ng'ombe akifa. Damu ya ng'ombe ilichanganywa na maziwa. Na kabla ya kula umechunga kutwa nzima, umelima, umebeba maji kutoka mtoni. "Sasa ninyi," akasema, "pikipiki inawapeleka hata dukani."

Hayo si maneno ya jikoni tu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake, akiwemo Dk. Andrew Swai, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kupima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Uchunguzi wao mwingine uliotoka mwaka 1993, kuhusu magonjwa ya moyo, ulifika hadi vijiji vya Mara, na huko nako walikuta dalili za hatari ni chache. Halafu ukaja upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wa miaka 25 hadi 64. Wenye sukari iliyozidi walikuwa tisa katika kila mia. Umri si uleule na njia za kupima si zilezile, kwa hiyo huwezi kutoa na kujumlisha kama hesabu ya dukani. Lakini mtu yeyote ataona kwamba katika maisha ya Mama, kati ya ujana wake na uzee wake, kitu kikubwa kimetokea.

Sehemu ya hicho kitu kikubwa ni ngano. Babu, yule ambaye nina jina lake, alionja biskuti kwa mara ya kwanza jeshini. Wakurya wengi walikwenda Keya, na katika Vita Kuu ya Pili askari wa Afrika Mashariki walifika hadi Burma. Biskuti ya jeshi ilikuwa kavu kama kigae. Hata jina lenyewe linatokana na Kilatini, maana yake kitu kilichopikwa mara mbili, kikaushwe kisiharibike safarini. Babu alikuwa akisimulia kwamba waliilowesha kwenye chai la sivyo jino linabaki humo. Alirudi na kofia, blanketi, na hamu ya biskuti.

Baadaye biskuti ikawa mambo ya dukani, na kwetu Tarime duka la karibu lilikuwa Kenya. Huko Nairobi palikuwa na kiwanda cha House of Manji, ambacho mwenyewe, Madatally Manji, aliandika kumbukumbu zake mwaka 1995 akijiita mkabaila wa biskuti. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa, haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Ndani ya miaka hiyo kukawa na vita ya Kagera na foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, unga wa ngano usiseme. Wazee wa Tarime wanasimulia njia za panya za Sirari kama vile vijana wanavyosimulia mpira. Biskuti ikapita usiku kichwani mwa mtu, pamoja na sabuni na mafuta ya kupikia. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na wapo waliotupa mizigo yao chooni. Kitu kinachotafutwa kwa hofu namna ile hupata heshima. Ndiyo maana hata baada ya Mzee Ruksa kufungua milango na maduka kujaa, biskuti nyumbani kwetu iliendelea kupangwa duara kama kitu cha thamani. Mama hakuwa anagawa ngano na sukari. Alikuwa anasema: kwangu hakuna njaa tena.

Serikali nayo ilitaka ngano yetu wenyewe. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, yakafunguliwa mashamba makubwa ya ngano Basotu, Hanang, juu ya malisho ya Wabarabaig, wakafikishana mahakamani. Kumbuka jina hilo la Canada, litarudi.

Sasa la pili. Je, kuna aliyewahi kufikiria biskuti ya mgonjwa? Hapa ndipo nilipofurahi, maana nilidhani ni mambo mapya ya matajiri wanaotaka kupungua. Kumbe ni kazi ya zamani sana.

Mwaka 1797 daktari wa jeshi la Uingereza, John Rollo, aliandika juu ya ofisa mmoja, Kapteni Meredith, mwenye kisukari. Alimkataza karibu vyakula vyote vya shambani, akampa nyama, mafuta, maziwa, na soseji za damu na shahamu tupu. Sukari kwenye mkojo ikapungua. Nilipomsomea Mama habari hiyo alisema, "Huyo Mzungu alikuwa Mkurya." Lakini si wengi walioweza kuishi hivyo. Mtu anataka kutafuna kitu na chai. Ndipo miaka ya 1840, huko Paris, Apollinaire Bouchardat akatengeneza mkate wa gluteni. Gluteni ni ile protini ya ngano inayovutika kama ulimbo ukikanda unga. Yeye aliosha wanga ukatoka, akaoka kilichobaki. Ndiye huyohuyo aliyeona kwamba Paris ilipozingirwa na jeshi la Prussia, mwaka 1870 hadi 1871, watu wakala kwa shida, baadhi ya wagonjwa wake sukari ilitoweka kwenye mkojo.

London alikuwepo Camplin, daktari aliyekuwa na kisukari yeye mwenyewe. Alisaga pumba za ngano zilizooshwa, akachanganya na mayai, siagi na maziwa, akaoka. Na Frederick Pavy, wa hospitali ya Guy's, miaka ya 1860 akawapa wagonjwa wake biskuti za lozi, kwa sababu lozi ina mafuta na protini nyingi na wanga kidogo. Fikiria hilo, msomaji: zaidi ya miaka 150 iliyopita kulikuwa na mtu jikoni London anaumiza kichwa kwa swali lilelile la Mama. Mgonjwa ale nini na chai mbele ya watu?

Ila nisipambe mambo. Chakula kile hakikuwaponya wote. Watoto na vijana, ambao kongosho lao limeacha kabisa kutoa insulini, walikufa tu. Miaka ya 1910 daktari Frederick Allen wa Marekani aliwalaza na njaa ili waongeze miezi. Wapo waliokufa kwa njaa yenyewe. Ndipo Toronto, Canada, mwaka 1921, Banting na Best katika maabara ya Macleod wakapata insulini, Collip akaisafisha, na mwezi Januari 1922 akachomwa sindano kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki chini ya kilo 30. Akaishi miaka 13 zaidi. Canada ileile iliyotusaidia ngano ndiyo nchi iliyotoa dawa ya wale ambao ngano huwadhuru. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba biskuti au majani fulani yanatosha badala ya dawa, mwambie akasome habari za watoto wa kabla ya 1922.

Narudi jikoni. Lozi Tarime hakuna, na ile ya madukani Dar bei yake inaumiza. Lakini karanga tunazo. Karanga nayo ni mgeni wa Marekani ya Kusini, na nchi yetu ina historia nayo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta matrekta ya vita, wakakuta udongo wa Kongwa kiangazi ni tofali. Mwaka 1951 wakauacha, pauni zaidi ya milioni 30 zimekwenda na maji. Muda wote huo mama wa kijijini analima karanga zake kwa jembe pembeni ya mahindi na anavuna. Katika gramu 100 za karanga wanga ni gramu 16 tu, na nusu ya hizo ni nyuzinyuzi. Iliyobaki ni mafuta, karibu nusu ya uzito wote, na protini.

Likizo iliyofuata nikapanda basi nikiwa na wazo moja. Safari hii kwanza nilikwenda na Mama kliniki, tukamweleza daktari tunataka kubadili nini, akatupangia vidonge upya na kutwambia siku za kupima. Hilo ndilo nililopaswa kufanya mwanzo.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Mashine ya kusaga ilitukataa, mwenyewe akasema karanga zitamzibia chekeche kwa mafuta. Tukarudi kwenye kinu. Nikatwanga kwa nguvu za kijana, karanga zikatoa mafuta, zikawa uji mzito. Tukaoka hivyohivyo, zikatoka chenga. Watoto wa jirani walizila kwa kijiko. Mama akasema, "Tata, kinu hakitaki hasira." Akanionyesha: kaanga karanga polepole, zikipoa zipukuse maganda, maana maganda yakiungua huleta uchungu. Twanga kidogo, chekecha, kinachobaki kirudishe kinuni. Hapo unapata unga mkavu. Na chagua karanga moja moja. Iliyokunjamana au yenye ukungu tupa, usimpe hata kuku, kwa sababu ya sumukuvu.

Vipimo tulivyofikia ni hivi. Vikombe viwili vya unga wa karanga, yai moja, kijiko cha samli, chumvi kidogo, mdalasini. Sukari hakuna. Yai ndilo linaloshika, kwa sababu karanga haina ule mvuto wa ngano. Kanda, gawa vidonge 20, bonyeza viwe vyembamba. Sufuria kubwa weka mchanga mkavu chini, injika kwenye jiko la mkaa mpaka ipate moto, weka sahani ya bati yenye biskuti juu ya mchanga, funika, palia makaa juu ya mfuniko. Robo saa, au harufu ikikuita. Kisha usiziguse mpaka zipoe kabisa, zikiwa za moto zinavunjika. Ukipiga hesabu, biskuti moja ina wanga wa gramu mbili hivi. Za dukani, ukijumlisha wanga na sukari, ni kama theluthi mbili ya uzito wake au zaidi. Lakini karanga ina mafuta, ukila sahani nzima umejidanganya. Mama anakula mbili.

Ladha? Sitaki kusema uongo. Si ile ya utotoni. Haina utamu ule wa kwanza mdomoni, ina utamu wa nyuma unaokuja ukiwa umeshatafuna. Mama mdogo alipoonja alisema ni kama kashata iliyookoka.

Jumapili moja wageni wakaja, na yule shangazi wa kugeuza biskuti akiwemo. Sinia likatoka. Zile za dukani upande mmoja, za karanga upande wa pili. Mama akachukua ya karanga, akaiuma, akatafuna taratibu huku wote tukimwangalia. Akasema, "Karibuni." Shangazi akanyoosha mkono, akaruka zile za dukani, akachukua ya karanga. Kisha ya pili. Akauliza zimenunuliwa duka gani.

"Duka?" Mama akasema. "Hizi ni za Tata. Zimetoka London, zikapita Mugumu."

Sukari yake siku hizi asubuhi husoma saba, nane, mara nyingine tisa. Biskuti hazijafanya hivyo peke yake. Vidonge vipo, kliniki ipo, na jioni anatembea hadi kwa rafiki yake na kurudi. Wewe unayesoma hapa na unataka kuandika, labda unadhani historia iko kwa wafalme na vita tu. Nenda nyumbani, muulize mama yako alikula nini mwaka wa mpaka kufungwa. Andika kabla hajasahau. Mimi nilikaribia kumpoteza wangu kabla sijamuuliza.

Juzi amenipigia. Nilidhani anaumwa. Alitaka kunikumbusha kwamba nikija nipitie Mugumu, mama mdogo amevuna karanga mpya.